Jagama Kello: Mvulana wa msituni aliyepanda hadi ujenerali

Majeshi ya Italia yalipoiteka Addis Ababa Mei 5, 1936, Jagama Kello alikuwa mvulana wa miaka 15, Mworomo wa magharibi mwa jiji hilo. Hakuwa amepitia chuo chochote cha kijeshi. Hata hivyo alishika bunduki akaingia msituni, na kabla ya vita kwisha alikuwa akiongoza maelfu ya wapiganaji.

Silaha yake kuu ilikuwa kuvizia: kuwashambulia maadui ghafla, kuteka bunduki zao, kisha kutoweka. Ndiyo maana akapewa lakabu ya Yebega Mebrek, yaani radi ya kiangazi, ile isiyotanguliwa na wingu.

Mapema 1941 majeshi yaliyoondoka Kenya, wakiwemo askari wa KAR ambao baadhi yao walitoka Nyanza, yalipitia Somalia na kuwasili Addis Ababa Aprili 6. Masimulizi mengi ya vita hivyo huanzia hapo, kana kwamba Waitaliano hawakuwa wamesumbuliwa vijijini kwa miaka mitano.

Baada ya ushindi Jagama aliingizwa jeshini, akapanda hadi cheo cha luteni jenerali. Kisha mambo yakageuka: msituni wa zamani akawa upande wa serikali, akikabiliana na mwasi Waqo Gutu, Mworomo mwenzake, katika mkoa wa Bale. Jeshi lilikuwa limepambana na uasi huo tangu 1963. Jagama alizungumza na Waqo, na mwaka 1970 Waqo akasalimu amri.

Jagama alifariki Aprili 2017 akiwa na umri wa miaka 96.