Kutua si Kubwaga

Mkazi wa milimani Mwanza, awe Mabatini, Igogo au kule juu Isamilo, hahitaji daktari wa kumwambia kwamba kushuka nako ni kazi. Njia ya kutoka nyumbani hadi barabarani ni mawe na ngazi za zege zisizolingana kimo. Kupanda kunamtoa jasho na kumkata pumzi. Lakini mwenye goti bovu hulia zaidi wakati wa kushuka: pumzi anayo, jasho hana, ila goti linauma na paja linatetemeka. Kazi inayofanywa na paja hilo ina jina la kitaalamu, na jina hilo kwa Kiswahili bado halijakaa vizuri. Nataka kulishughulikia hapa, pamoja na majina ya ndugu zake.

Ukoo mzima huitwa mazoezi ya ukinzani. Neno ukinzani wengi wetu tulikutana nalo katika somo la fizikia, kwenye umeme, na hapa limechaguliwa vizuri. Upinzani umeshazoeleka katika siasa, na usugu tunausikia kwa vimelea visivyosikia dawa. Ukinzani ulikuwa bado na nafasi. Maana yake katika mazoezi ni kwamba msuli unafanya kazi huku kitu kinaukinza: kidumu cha maji, mkono wa mtaalamu wa fiziotherapia, maji ya ziwa yanayofika kifuani, au uzito wa mwili wenyewe. Vijana wa gym husema kunyanyua vyuma, lakini vyuma ni tawi moja tu. Mgonjwa akisikia chuma anajiona hana pa kuanzia, wakati kipande cha tyubu ya baiskeli kilichofungwa kwenye mguu wa kitanda kinatosha kuukinza mguu wake kwa wiki kadhaa.

Aliyeyapa mazoezi haya heshima hospitalini ni Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani aliyetibu askari walioumia magoti katika Hospitali ya Gardiner, Chicago, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Desturi ya wakati ule ilikuwa uzito mdogo na marudio mengi. DeLorme mwenyewe alikuwa mnyanyua vyuma, akawapa wagonjwa mizigo mizito kwa marudio machache, nao wakapata nguvu upesi. Makala yake ya 1945 iliyaita mazoezi ya ukinzani mzito. Kufikia 1948 yeye na mwenzake Arthur Watkins walikuwa wameyapa jina jipya, mazoezi ya ukinzani unaoongezeka, na dozi wameipunguza: seti tatu za marudio kumi kumi. Kwanza hutafutwa uzito ambao mgonjwa anaumudu mara kumi na si zaidi. Seti ya kwanza hutumia nusu ya uzito huo, ya pili robo tatu, ya tatu wote. Nyumbani hesabu yake ni rahisi, kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja. Anayemudu lita 4 mara kumi ataanza na lita 2, ataongeza hadi 3, atamaliza na 4, na baada ya muda atapima upya. Badiliko lile la jina nalipenda. Neno "mzito" humtisha mtu aliyetoka kuumia. "Unaoongezeka" humwambia aanzie hapo hapo alipo.

Sasa tuingie kwenye matawi. Na kabla hatujaenda mbali, kuna neno la kuepuka. Vitabu vingine husema msuli "unasinyaa" pale unapofanya kazi. Darasani huenda likapita, lakini kwa mgonjwa aliyetolewa plasta ngumu, ile ambayo mtaani huitwa hogo, msuli uliosinyaa ni ule wa paja lililobaki nusu ya jenzake. Huwezi kumwambia asinyaze msuli ili usisinyae. Tuseme kukaza, na jina lake liwe mkazo.

Tawi la kwanza ni isometriki, yaani msuli unakaza bila kiungo kusogea. Nalipendekezea mkazo tuli, kwa mfano wa umeme tuli tuliouzoea, na jina linaeleza jambo lenyewe. Hili ndilo zoezi la mwanzo kwa aliyevunjika mguu kwenye ajali ya bodaboda na bado haruhusiwi kukunja goti. Mtaalamu huviringisha khanga, huiweka chini ya goti la mama aliyelala, kisha humwambia: "Mama, igandamize hiyo khanga kwa goti. Kaza paja. Shikilia. Usibane pumzi, hesabu nami kwa sauti." Ukitazama kwa karibu utaiona pia ya goti ikipanda kidogo kuelekea pajani, na hapo mtaalamu anajua msuli umeitika. Kuhesabu kwa sauti si mapambo. Anayehesabu hawezi kubana pumzi, na kubana pumzi huku umekaza hupandisha shinikizo la damu. Mwaka 1953 huko Dortmund, Ujerumani, watafiti Hettinger na Müller waliripoti kwamba hata mkazo mmoja kwa siku, wa sekunde sita na wa theluthi mbili za nguvu zote, unaongeza nguvu. Waliokuja baada yao hawakuona faida kubwa kiasi hicho, lakini zoezi limebaki. Upungufu wake ni kwamba nguvu huongezeka zaidi katika pembe ile ile iliyofanyiwa mazoezi, kwa hiyo goti lililokazwa likiwa limenyooka halijajiandaa kwa ngazi.

Tawi la pili, isotoniki, ndipo tafsiri inapoweza kutupotosha. Kigiriki chake ni mkazo ulio sawa, na mfasiri mwaminifu ataandika "mkazo sawa". Lakini nyanyua kidumu kwa kukunja kiwiko na usikilize mkono wako: mzigo huelemea zaidi pale mkono unapofika usawa wa meza, kisha hupungua. Mkazo haukuwa sawa hata kidogo. Jina lilikosea tangu mwanzo, na sisi hatuna sababu ya kulirithi kosa kwa kuwa tu limeandikwa Kigiriki. Linalotambulisha tawi hili ni kwamba kiungo kinasogea. Mkazo wa mwendo unatosha, nao unakaa vizuri pembeni ya mkazo tuli.

Mwendo una nusu mbili, na hapa ndipo penye uzito wa makala hii. Unapokaza msuli na ukafupika, kidumu kinapanda. Unapokaza msuli lakini mzigo ukaushinda kidogo kidogo, msuli unarefuka ukiwa umekaza na kidumu kinashuka polepole. Wataalamu huziita konsentriki na eksentriki, yaani kuelekea kitovu na kutoka kitovuni, maneno yasiyomwambia mgonjwa chochote. Wanaojitahidi kufasiri husema mkazo wa kufupika na mkazo wa kurefuka. Ni sahihi, na mwanafunzi wa chuo ayajue. Ila mgonjwa akisikia "kurefuka" anafikiria kujinyoosha, anaulegeza msuli, na mguu unaanguka. Zoezi lote limepotea katika nusu ile ile iliyokusudiwa kumponya.

Kiswahili kina msamiati wa mizigo uliokamilika kuliko tunavyoutumia. Nenda Mwaloni, Kirumba, asubuhi magunia ya dagaa yanapotoka kwenye mitumbwi ya visiwani. Kuli hutwikwa gunia na mwenzake, au hujitwisha mwenyewe, na akifika kwenye lundo lake hulitua. Asipolitua hulibwaga. Vitendo hivi viwili huishia mahali pamoja, gunia likiwa chini, lakini mwili haufanyi kazi moja. Anayebwaga ameuachia mzigo. Msuli umelegea na dunia imefanya iliyobaki. Anayetua ameushusha mzigo akiwa bado ameushika, na mapaja, mgongo na mikono vimekaza hadi gunia liguse lundo. Watanzania wote wanakijua kitenzi hiki, kwa sababu kampeni ya maji ya serikali imekitangaza nchi nzima: kumtua mama ndoo kichwani. Hakuna aliyeelewa kwamba mama atabwagiwa ndoo.

Kwa hiyo mapendekezo yangu ni mkazo wa kupandisha na mkazo wa kutua. Na maelekezo ya mgonjwa yawe mafupi: pandisha kwa hesabu mbili, tua kwa hesabu nne, usibwage.

Nusu hii ya kutua inastahili jina zuri kwa sababu ya nguvu zake za ajabu. Msuli unaotua unaweza kuhimili mzigo mkubwa kuliko unaoweza kuupandisha, na hutumia oksijeni pungufu kwa kazi ile ile. Mwaka 1952 wanasayansi watatu, Abbott, Brenda Bigland na Ritchie, walilionyesha hilo London kwa kufunga baiskeli mbili zikipeana migongo, zimeunganishwa kwa mnyororo. Mmoja alikanyaga pedali kwenda mbele. Wa pili alizikinza pedali zilizokuwa zikimrudia. Katika onyesho lao mwanamke mwenye umbo dogo alimkinza mwanamume mkubwa hadi mwanamume akachoka kabisa, naye mwanamke hakuonekana kusumbuka. Yule mwanamume alikuwa akipandisha, mwanamke akitua. Ndiyo maana anayeshuka Mabatini ana pumzi yake yote huku paja likitetemeka: nyuzi chache za msuli zimeitwa kazini, na kila moja imebeba zaidi. Asiyezoea ataamka kesho au keshokutwa na maumivu ya misuli, na inafaa aambiwe mapema, maana wengi hudhani wameumia upya na kuacha.

Faida kwa wagonjwa ni kubwa. Mzee mwenye moyo au mapafu dhaifu anaweza kuimarishwa miguu kwa kazi isiyomkata pumzi. Kwa maumivu sugu ya kano ya kisigino, Håkan Alfredson na wenzake wa Sweden walichapisha 1998 utaratibu ambao hauhitaji chochote zaidi ya ngazi moja. Mgonjwa husimama kwa vidole ukingoni mwa ngazi, hujiinua kwa mguu usiouma, kisha hujitua kwa mguu unaouma peke yake hadi kisigino kishuke chini ya ukingo. Seti tatu za marudio 15 goti likiwa limenyooka, tatu nyingine likiwa limekunjwa kidogo, mara mbili kwa siku, kwa wiki 12. Ni miteremko 180 kwa siku. Mwanza kwa mawe na ngazi haikopi.

Naandika haya nikiwafikiria hasa wanaorudi mbali. Bugando, hospitali iliyofunguliwa 1971 juu ya kilima chake, hupokea wagonjwa wa Kanda ya Ziwa nzima. Mtu akiruhusiwa na kupanda meli ya Nansio kurudi Ukerewe, si rahisi aonane na mtaalamu kila wiki. Huduma za utengamao, yaani za kumrudishia mwili uwezo wake, kwake zinakuwa yale aliyoyashika kichwani na kwenye karatasi ya mazoezi. Karatasi ikiandikwa "eksentriki" amerudi mikono mitupu. Ikiandikwa "tua kwa hesabu nne", hata mjukuu anaweza kumsimamia na kumsahihisha: "Bibi, hapo umebwaga, rudia."

Tawi la mwisho, isokinetiki, nitalipitia haraka. James Perrine alilibuni Marekani miaka ya 1960: mashine huulazimisha mguu usogee kwa kasi ile ile, hata mgonjwa asukume kwa nguvu kiasi gani, na ukinzani hubadilika kumfuata. Mkazo wa kasi sawa ni tafsiri inayotosha. Mashine zake ni ghali, na kazi yake kubwa leo ni upimaji na utafiti. Aliye Ukerewe hatapungukiwa kitu kwa kuikosa.

Kuna atakayenipinga kwamba kutua kuna maana nyingine: ndege inatua, mchezaji aliyeruka anatua. Nimelifikiria, na naona maana hizo zinalisaidia neno. Beki anayeruka kupiga kichwa kwenye uwanja wa CCM Kirumba, akitua, mapaja yake yanafanya mkazo ule ule ninaousema, na asipokaza goti linaumia. Anapokimbia kwa kasi, misuli ya nyuma ya paja huutua mguu uliotupwa mbele, na hapo ndipo huchanika mara nyingi. Zoezi la kuilinda linafanywa na watu wawili: mmoja hupiga magoti kwenye nyasi, mwenzake humshika vifundo vya miguu, kisha aliyepiga magoti hujiinamisha mbele mwili ukiwa umenyooka, akijitua polepole hadi mikono ipokee kifua. Utafiti wa wanasoka wa Denmark uliochapishwa 2011 ulionyesha kwamba waliofanya zoezi hili walipata majeraha hayo mapya machache sana kuliko wenzao. Kocha wa timu ya mtaa anaweza kulianza Jumatatu, baada ya kupasha misuli, kwa marudio matano na mara moja tu katika wiki ya kwanza.