Chakula cha Nyongeza cha Mtoto Mchanga: Kukianzisha na Kukihifadhi katika Nyanda za Keringet

Chakula cha nyongeza ni chakula chochote, kigumu au cha majimaji, anachopewa mtoto juu ya maziwa ya mama kuanzia anapotimiza miezi 6 hadi anapokaribia kutimiza miaka 2. Ni cha kuongeza, si cha kuchukua nafasi ya ziwa, na anayesahau hilo huanza vibaya. Makala haya yanakitazama chakula hicho mahali pamoja: Keringet, mji mdogo wa Kuresoi Kusini katika Kaunti ya Nakuru, kwenye miinuko ya Mau. Wakenya wengi hulijua jina hilo kwa maji ya chupa, au kwa Faith Kipyegon, bingwa wa mbio za mita 1,500. Sisi tunashughulika na sufuria ndogo iliyo pembeni mwa jiko. Hoja yenyewe ni hii: katika nyumba isiyo na friji, chakula cha mtoto huhifadhiwa kabla ya kupikwa, kikiwa nafaka, unga, kiazi au yai. Kikishapikwa, kilichobaki ni kuhesabu saa. Baridi ya mlimani na thamosi, vitu viwili vinavyoaminiwa kuliko vyote katika jambo hili, ndivyo vinavyopotosha hesabu hiyo.

Umri wa miezi 6 haukubuniwa ofisini. Mwaka 2001 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipendekeza mtoto anyonye tu, bila hata maji, kwa miezi 6 ya kwanza, na sababu zake ziko mwilini mwa mtoto mwenyewe. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo hupungua sana karibu na miezi 6, na maziwa ya mama, kwa ubora wake wote, yana chuma kidogo. Wakati huohuo shingo imekaza, mtoto anakaa kwa kuegemezwa, na ulimi hausukumi tena nje kila kinachowekwa mdomoni. Nchini Kenya utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2022 ulikuta asilimia 60 ya watoto walio chini ya miezi 6 wakinyonyeshwa tu. Waliobaki huanzishiwa kitu kingine mapema, na hoja inayotolewa ni kwamba mtoto analia, kwa hiyo maziwa hayamtoshi. Kilio hicho kina maana nyingi. Mtoto wa miezi 4 anayelia usiku huenda anataka kunyonya mara nyingi zaidi kwa sababu anakua haraka, na kunyonya huko ndiko kunakoamuru mwili wa mama utengeneze maziwa mengi. Akipewa uji, hunyonya kidogo, maziwa hupungua, na mama husema kwa haki kabisa kwamba maziwa yamepungua. Uzito kwenye chati ya kitabu cha mama na mtoto ni shahidi bora kuliko kilio.

Mara nyingi chakula cha kwanza huwa uji, na mara nyingi uji wenyewe huwa mwepesi mno. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya vizuri anahitaji kilokalori 200 hivi kwa siku kutoka chakula cha nyongeza. Tumbo lake hubeba gramu 30 hivi kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mtoto wa kilo 8 hushiba kwa mililita 240. Kikombe cha kiasi hicho kilichopikwa kwa gramu 15 za unga kina kilokalori 55 hivi. Ili apate 200 lazima anywe karibu vikombe vinne, na hapo nafasi ya ziwa imekwisha. Uji wa mtoto unatakiwa usimame kwenye kijiko na kudondoka polepole. Uji mzito ukimshinda kumeza, dawa yake ni kimea: wimbi lililooteshwa, likakaushwa na kusagwa. Wataalamu wa lishe nchini Tanzania walilifanyia kazi jambo hili tangu miaka ya 1980. Kijiko kidogo cha kimea hukorogwa ndani ya uji mzito uliopoa kidogo, nao hulainika bila kuongezwa maji, kisha huchemshwa tena kwa dakika chache kwa kuwa kimea kibichi huweza kuwa na vijidudu. Mtoto huanza na vijiko viwili vitatu, mara 2 au 3 kwa siku, na akifika miezi 9 milo hufika 3 au 4.

Sasa thamosi. Familia nyingi hupika uji wa siku nzima alfajiri, zikaujaza thamosi, mama akaenda kukama, kuchuma majani chai au kuchimba viazi. Inaonekana ni busara, kwa kuwa uji hubaki na joto na joto huua vijidudu. Kasoro iko katika kiasi cha joto. Chakula kilichopikwa ni salama kikiwa juu ya nyuzi 60 za Selsiasi au chini ya nyuzi 5, na katikati ya namba hizo vijidudu huzaana. Katika sehemu za Mau zenye urefu wa mita 2,400 maji huchemka kwa nyuzi 92 hivi, si 100, kwa hiyo uji wa hapa huanza safari yake ukiwa umepungukiwa kabla haujamiminwa. Kuchemka kwa nyuzi 92 kunatosha kuua vijidudu vya kawaida, lakini baadhi, kama bakteria aitwaye Bacillus cereus anayependa vyakula vya wanga, huacha mbegu ngumu zinazostahimili mchemko. Uji unapopoa mbegu hizo huchipuka, na sumu moja anayotengeneza bakteria huyo haivunjiki hata uji ukichemshwa tena. Kila kifuniko kinapofunguliwa joto hushuka zaidi. Tena kuna mtihani usiohitaji kipimajoto: uji ambao mtoto anaweza kuunywa mara tu unapomiminwa kutoka kwenye thamosi, bila kupozwa, tayari uko chini ya nyuzi 60. Kinachomfurahisha mlezi, yaani uji ulio tayari, ndicho kinachoonyesha kwamba saa za hatari zilishaanza.

Atakayejibu kwamba basi uachwe upoe, maana Keringet ni friji yenyewe, ana nusu ya ukweli. Usiku wa Julai huko ni wa blanketi mbili, na baridi hupunguza kasi ya vijidudu. Lakini hewa ya nje haiko ndani ya sufuria. Uji mzito uliofunikwa karibu na mafiga hukaa vuguvugu kwa saa nyingi katikati yake, hata ukingoni ukionekana baridi, na jiko ndilo chumba chenye joto kuliko vyote katika nyumba ya mlimani. Hata nyuzi 12 au 15 haziwi nyuzi 5. Ushahidi unaojulikana zaidi kuhusu jambo hili ulitoka mbali na Mau, katika kijiji cha Keneba nchini Gambia. Huko miaka ya 1970 watafiti walipima vyakula vya watoto na kukuta vijidudu vikiongezeka kadiri saa za kukaa zilivyoongezeka, na hali ikiwa mbaya zaidi msimu wa mvua, ambao ndio msimu wa mama kushinda shambani. Gambia ni nchi ya joto, na pingamizi kwamba haifanani na Mau ni halali kuhusu kasi. Kuhusu mwelekeo halina nguvu. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na sioni sababu ya kumpa mtoto wa miezi 7 muda mrefu kuliko huo ati kwa kuwa anaishi mlimani.

Pingamizi zito zaidi si la kisayansi. Ni la mama mwenye ng'ombe watatu na ekari ya viazi, anayeambiwa apike mara tatu kwa siku kana kwamba hana kazi nyingine. Shauri lisilomjali huyu halifai kuandikwa. Jibu la kwanza ni kuigeuza kazi ya thamosi: ijazwe maji yaliyochemka badala ya uji. Mlezi anayebaki nyumbani, mara nyingi nyanya, kogo kwa Wakipsigis, hapiki chungu. Anapika kikombe kimoja, na kwa kuwa maji yana joto tayari, kuni hutumika chache na uji huiva kwa dakika kama kumi. Jibu la pili ni vyakula vinavyokuja na vifuniko vyake. Ndizi mbivu na parachichi huoshwa, humenywa, hupondwa na kulishwa papo hapo. Yai huchemshwa hadi kiini kikauke na huvunjwa wakati wa kula. Kiazi, ambacho Kuresoi inacho kwa magunia, huchemshwa na ganda lake na kupondwa kwa maziwa ya mama. Jibu la tatu ni maziwa ya mama yaliyokamuliwa, na hapa ndipo baridi ya Mau inasaidia kweli. Maziwa hayo yana kinga hai ndani yake, kitu ambacho uji hauna, kwa hiyo hukaa saa 4 kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25, na siku 4 kwenye friji. Kwa walioajiriwa, Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa mama kunyonyesha au kukamulia. Maziwa hayo na uji vinywewe kwa kikombe na kijiko. Chupa ya chuchu ina kona zisizofikiwa na mkono wala sabuni.

Wazee watauliza, na wana haki: mbona mursik, yaani maziwa ya kuchacha, hukaa kwenye kibuyu siku nyingi na watoto wamekua? Mursik hukaa kwa sababu imechacha. Asidi inayotokana na kuchacha huzuia vijidudu vingi kuzaana, na kanuni hiyohiyo huufanya uji uliochachushwa kabla ya kupikwa ustahimili saa chache zaidi kuliko uji wa kawaida. Togwa, uji wa kuchacha wa Tanzania, imechunguzwa kwa sababu hiyo. Elimu hiyo isidharauliwe, lakini ina mipaka. Kuchacha hakumwondoi kwa uhakika bakteria wa homa ya maziwa mabichi, yaani bruselosi, kwa hiyo maziwa yachemshwe kwanza. Tena maziwa ya ng'ombe, mabichi au ya kuchacha, yana chuma kidogo sana, na mtoto anayejazwa maziwa hayo hukataa ini, maharagwe, njegere na managu vinavyompa chuma. Yakichanganywa kwenye chakula ni msaada, yakiwa mlo ni hasara. Chai ni mbaya zaidi, hata ya maziwa, hata inayotoka shamba la jirani: huzuia chuma kisifyonzwe. Asali ya Mau, fahari ya Waogiek, isubiri mtoto atimize mwaka mmoja, kwa sababu asali yoyote huweza kubeba mbegu za ugonjwa wa botulizimu ambazo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuzizuia.

Chakula kikavu ndicho kinachostahili neno kuhifadhi. Mwaka 2004 mahindi yenye aflatoksini, sumu ya ukungu ambayo Tanzania huitwa sumukuvu, yaliwafanya watu 317 waugue na kuua 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Mau si Makueni, lakini mahindi ya nyanda za juu huchelewa kukomaa na mara nyingi huvunwa mvua zikiwa bado zinanyesha, na mahindi ya dukani hayaulizwi yalikotoka. Sumu hii haiondoki kwa kupika wala kwa kuchachusha. Nafaka ikauke hadi unyevu usizidi asilimia 13.5. Asiye na kipimo atie punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, atikise, aache robo saa: chumvi ikigandamana ukutani, mahindi bado ni mabichi. Punje zenye ukungu zisisagwe, na zisipewe ng'ombe wa maziwa pia, kwa kuwa sumu hurudi kupitia maziwa. Hapa nina ugomvi na ule unga wa mchanganyiko unaosifiwa sokoni: mahindi, wimbi, mtama, soya, njugu na omena, vyote vikasagwa pamoja kwa matumizi ya miezi mitatu. Mafuta ya njugu na omena huchacha upesi, kiungo kimoja kilichoota ukungu huharibu debe zima, na mtoto akitokwa na vipele haijulikani ni kipi kilichomdhuru. Nafaka moja isagwe ya wiki mbili, njugu zikaangwe na kusagwa laini kando, kila kimoja kwenye chombo chenye kifuniko, na vikutane ndani ya sufuria. Viazi vikae gizani. Kilichogeuka kijani kina sumu na si cha mtoto.

Wenye friji wana nafasi zaidi: chakula kilichopozwa haraka na kufunikwa hukaa siku moja hadi mbili kwa nyuzi 5 au chini, ikiwa umeme haukukatika. Kipashwe moto hadi kitoe mvuke, mara moja tu. Kilichobaki kwenye bakuli la mtoto kimeshaingia mate na hakirudishwi.

Mtoto akiharisha pamoja na tahadhari hizi, haachishwi ziwa wala chakula. Hupewa maji ya chumvichumvi ya pakiti baada ya kila choo, na zinki miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14 ikiwa amepita miezi 6. Akiwa na macho yaliyobonyea, akishindwa kunyonya, au kinyesi kikiwa na damu, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.