Magdalene Odundo

Magdalene Odundo (alizaliwa Nairobi, 1950) ni mfinyanzi mzaliwa wa Kenya anayeishi Uingereza. Mwaka 1971 alikwenda Cambridge kusomea michoro ya biashara, udongo ukamteka. Katika miaka ya 1970 alijifunza Abuja, Nigeria, kwa wafinyanzi wanawake wa Kigwari. Hatumii gurudumu. Huuinua mtungi kwa mkono, huupaka uji wa udongo laini, kisha huusugua taratibu mpaka ung'ae wenyewe. Ukichomwa penye hewa ya kutosha hutoka na rangi ya machungwa. Moto ukinyimwa hewa, mtungi huwa mweusi. Chemchemi yake kuu ni mwili wa binadamu: shingo, kiuno, tumbo lililojaa. Mitungi hiyo, hata hivyo, haitekewi maji. Mwaka 2020 Uingereza ilimtunukia cheo cha Dame.