Pima silinda kwanza, pistoni baadaye

MWENYE gari ambaye injini yake imefunguliwa katika gereji za Riruta, kando ya Barabara ya Naivasha, mara nyingi hutumwa mjini, Kirinyaga Road, ambayo wengi wangali wanaiita Grogan, kununua pistoni kabla silinda hazijapimwa. Hapo ndipo hasara huanzia.

Silinda hulika zaidi sehemu ya juu, tena si kwa usawa. Hivyo hupimwa juu, katikati na chini, kwa pande mbili. Injini ya Toyota 3L, inayofahamika vyema na wenye matatu, ina silinda za kipenyo cha milimita 96. Zikichongwa hadi 96.5, zitahitaji pistoni za saizi ya 0.50. Mchongaji apelekewe pistoni hizo kabla hajaanza kazi, kwani kila silinda huchongwa kulingana na pistoni yake. Nafasi baina yake ni sehemu chache tu za mia za milimita: ikizidi, injini hugonga na kula oili; ikipungua, pistoni hupanuka kwa joto na kukwama.

Dukani, boksi si ushahidi, maana hata nembo hughushiwa. Pistoni zote zipimwe uzani. Zikitofautiana kwa gramu nyingi, au zikiwa na vitundu, zirudishwe. Muuzaji anayekataa mizani aachwe na bidhaa zake.