Umri na Maumivu Baada ya Kisu

Kisu ni kile kile na kidonda ni kile kile, lakini wenye vidonda si sawa. Katika hospitali moja aweza kupasuliwa mtoto mchanga, kijana wa miaka 18 na mzee aliyevuka 70. Je, wote huumia sawasawa dawa ya usingizi inapowatoka? Na kama hawaumii sawasawa, sisi tutajuaje? Swali hili, ndugu msomaji, lina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo imo katika nchi za Meru na Embu, mashariki ya Mlima Kenya.

Zamani katika nchi hizo, upasuaji uliojulikana na kila mtu ulikuwa ule wa jandoni. Mvulana hakupelekwa huko angali mtoto mdogo, bali alipokwisha kuingia ujanani. Naye alitahiriwa mbele ya watu pamoja na wenzake wa rika moja. Hapakuwa na nusukaputi. Mara nyingi alioga maji ya mto yenye baridi kali alfajiri, kisha akamkabili ngariba. Sharti lilikuwa moja: asipepese jicho, asigune wala asilie. Aliyeshindwa alijiletea aibu yeye na jamaa zake. Usidhani kwamba wazee walioshika desturi hiyo hawakujua kuwa kisu huuma. Walijua sana, na ndiyo maana walikifanya kuwa mtihani. Tena baada ya mtihani kijana hakutupwa: alikuwa na mlezi wa kumwangalia, chakula cha kumrudishia nguvu, na wenzake wa kuzungumza nao mpaka kidonda kipone. Kitu kimoja tu hakupewa, nacho ni ruhusa ya kusema kwamba anaumwa.

Ukimya wa namna hiyo haukuwa wa watu wa Mlima Kenya peke yao. Mwaka wa 1879 Robert Felkin, mgeni kutoka Uingereza aliyekuwa akisomea utabibu, alishuhudia huko Kahura, katika ufalme wa Bunyoro ulio Uganda ya leo, mwanamke wa miaka kama 20 akipasuliwa tumbo ili mtoto atolewe. Mganga alimlevya kwa pombe ya ndizi, akaitumia pombe hiyo hiyo kunawa mikono na kuosha tumbo. Mama na mtoto walipona, na siku ya kumi na moja jeraha lilikuwa limefunga. Felkin aliandika kwamba mama yule hakutoa kilio mpaka vyuma vya kufungia jeraha vilipoingizwa. Lakini kutolia ni ushahidi wa nini? Ni wa pombe, au wa ushujaa, au wa kutoumia? Macho ya mtazamaji hayawezi kujibu.

Wakati huo dawa yenye nguvu kuliko pombe ilikuwa imekwisha kupatikana. Mwaka wa 1846 William Morton alionyesha mjini Boston, Marekani, jinsi mvuke wa etha unavyomlaza mgonjwa. Na mwaka uliofuata James Young Simpson wa Edinburgh, Scotland, akaanza kutumia klorofomu. Misheni ya Scotland hiyo hiyo ndiyo iliyomleta Daktari Clive Irvine Chogoria mwaka wa 1922, mahali palipokuwa Meru ya zamani na leo pamo katika kaunti ya Tharaka-Nithi. Hospitali ya Wamethodisti huko Maua ilianzishwa mwaka wa 1928. Basi upasuaji wa namna mpya ulifanyika ndani ya chumba, na mgonjwa akalala asijue alitendwalo. Lakini nusukaputi huisha. Mgonjwa huamka, na hapo huanza maumivu ya pili, yale ya usiku na mchana. Katika maumivu hayo ndipo tuuonapo uzito wa umri.

Tuanze na mtoto mchanga. Kwa miaka mingi madaktari wengi wa Ulaya na Marekani waliamini kwamba mishipa yake ya fahamu haijakomaa, hivyo hasikii maumivu kama mtu mzima. Wengine walimpasua kwa dawa kidogo mno. Mwaka wa 1987 Kanwaljeet Anand na wenzake wa Oxford walichapisha uchunguzi juu ya watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, wakapasuliwa mshipa ulio karibu na moyo. Waliopewa dawa kali ya kutuliza maumivu walipatwa na madhara machache baadaye kuliko wenzao wasiopewa. Damu ya watoto hao, ilipopimwa, ilitoa ushahidi ambao vinywa vyao havikuweza kuutoa.

Sasa tumtazame kijana na mzee. Mwaka wa 1996 wataalamu wa Australia walichapisha hesabu za wagonjwa zaidi ya 1,000 waliopasuliwa. Waliona kwamba umri ulitabiri kiasi cha mofini atakachohitaji mgonjwa vizuri kuliko hata uzito wa mwili. Ukitoa umri katika 100, wapata takriban miligramu za siku ya kwanza: mwenye miaka 20 karibu 80, mwenye 70 karibu 30. Huo ni wastani tu, wala si agizo la dawa, kwa maana kati ya watu wa umri mmoja mtu aliweza kuhitaji mara kumi ya mwenzake. Basi kijana, yule aliyeamriwa kunyamaza jandoni, ndiye kwa kawaida mwenye kuhitaji dawa nyingi zaidi.

Lakini tusikosee kuhusu mzee. Kwake dawa kidogo hufanya kazi kubwa, kwa kuwa ubongo wake huiitikia zaidi na mwili wake huiondoa polepole. Kuhitaji dawa kidogo si sawa na kuumia kidogo. Mwaka wa 2000 uchunguzi wa New York ulionyesha kwamba wazee waliovunjika nyonga, ambao akili zao zilikuwa zimepotea kwa uzee, walipewa theluthi moja tu ya mofini waliyopewa wenzao wenye akili timamu. Hawakuweza kuomba, na hawakupewa.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo wauguzi wa siku hizi humwomba mgonjwa ayapime maumivu yake kutoka 0 mpaka 10. Mtoto huonyeshwa nyuso zilizochorwa, achague inayofanana na hali yake. Na asiyeweza kusema hutazamwa uso na mienendo yake. Nawe, msomaji, huenda siku moja ukamtembelea babu yako aliyepasuliwa. Yeye alifundishwa jandoni kutolia, naye atakujibu, "Sijambo, mjukuu wangu." Usiishie hapo. Muulize kama aweza kugeuka kitandani, kuvuta pumzi ndefu na kukohoa. Mzee anayeogopa kukohoa kwa sababu ya maumivu aweza kupata ugonjwa wa mapafu ukamwua ilhali kidonda chake kinapona. Akikuambia hawezi, mwite muuguzi.