Jinsi wapiga debe wanavyogawiwa maeneo Kibera na Kawangware

KAMPENI za nyumba kwa nyumba huonekana kwa mbali kuwa kazi nyepesi: vijana wawili, fulana za chama, mlango, salamu, ombi la kura. Ugumu wake hujitokeza mapema zaidi, katika chumba ambamo msimamizi wa kampeni huketi na kuamua nani ataenda wapi. Uamuzi huo ukikosewa, kijiji kimoja hutembelewa mara nne huku cha jirani kikikosa hata mgeni mmoja. Mbaya zaidi, vijana huweza kutumwa mahali ambapo usalama wao hauna mdhamini.

Anayefanya kazi hii huitwa mpiga debe, jina analochangia na yule wa stejini anayewaita abiria wa matatu. Usawa wa jina usimpotoshe msomaji. Wa stejini huita umma. Wa kampeni huzungumza na mtu mmoja mlangoni pake, naye hana budi kujua mlango huo ni wa nani.

Uingereza, daftari la wapigakura hufuata barabara na nambari za nyumba, kwa hivyo jozi moja ya wapiga debe hupewa upande mmoja wa barabara na jozi nyingine upande wa pili. Sheria ya huko, tangu 1883, hairuhusu wapiga debe kulipwa. India, chama cha BJP humkabidhi mwanachama mmoja ukurasa mmoja wa daftari, na watu walioorodheshwa humo ndio jukumu lake hadi siku ya kura.

Mbinu hizo hazihamishiki Nairobi bila marekebisho. Daftari la Kenya hupangwa kwa kituo cha kupigia kura, na sheria inaweka kikomo cha wapigakura 700 kwa kila kituo. Halisemi mtu analala wapi. Mkazi wa Lindi anaweza kuwa amejiandikisha kwao Kakamega au Kitui, na aliyejiandikisha Lindi akawa amehamia Rongai miaka mitatu iliyopita. Hata jina lenyewe laweza kupotea. Desemba 27, 2007, hayati Raila Odinga, wakati huo mbunge wa Lang'ata na mwaniaji urais, alifika kituoni Kibera na kukuta jina lake halimo daftarini. Alilazimika kurejea baadaye ndipo akapiga kura.

Kwa sababu hiyo, msimamizi mzoefu huanza na kituo, kisha hurudi nyuma kutafuta vijiji vinavyokilisha. Eneobunge la Kibra lilikatwa kutoka Lang'ata kupitia mipaka mipya ya 2012 na kupata wadi tano: Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley/Kenyatta Golf Course. Hata hivyo, wakazi wengi hawajitambulishi kwa wadi. Watakwambia wanaishi Gatwekera, Kianda, Kisumu Ndogo, Silanga, Mashimoni au Soweto. Mpiga debe anayetumwa "Sarang'ombe" ameambiwa jambo dogo sana. Anayeambiwa "Gatwekera, kuanzia reli kuteremka hadi mtoni" ameelezwa anakoanzia na anakokomea.

Mipaka mizuri ni ile ambayo hata mgeni huiona kwa macho: reli, mto, Kibera Drive, Karanja Road, ukuta wa shule, msikiti. Kwa miaka mingi ramani rasmi hazikusaidia, kwani ziliendelea kuonyesha msitu mahali ambapo maelfu ya watu walikuwa wakiishi. Mwaka wa 2009 vijana wa Kibera walichora vichochoro vyao wenyewe kupitia mradi wa Map Kibera, wakitumia vifaa vya kupimia majira ya nukta kwa setilaiti. Sensa ya mwaka huohuo ilihesabu takriban watu 170,000, ilhali wengi walizoea kusikia idadi ya milioni moja. Anayegawa maeneo kwa kuamini idadi ya pili atahitaji wapiga debe karibu mara sita ya wanaohitajika.

Hesabu yenyewe ni ya kawaida. Tuseme kila chumba kina wapigakura wawili. Kituo chenye watu 700 basi kina milango 350. Jozi moja ikitumia dakika tano kwa kila mlango itamaliza milango 40 kwa saa tatu na dakika 20, nayo itahitaji alasiri tisa kukimaliza kituo. Alasiri zipi, ndipo panapozua mjadala. Siku za kazi wanaume wengi huondoka alfajiri kwa miguu kuelekea Industrial Area na hurejea giza likiingia, wakati saa za kampeni hukoma saa kumi na mbili jioni. Hubaki Jumamosi na Jumapili baada ya ibada. Alasiri tisa za namna hiyo ni takriban mwezi mmoja, kwa jozi moja.

Kuna jambo ambalo wasimamizi hawapendi kulisema hadharani: lugha ya nyumbani. Vijiji vya Kibera vina historia zake. Makina ni kitovu cha Wanubi, ambao wazee wao walikaa hapo baada ya kulitumikia jeshi la Waingereza. Gatwekera na Kisumu Ndogo zina Waluo wengi. Ghasia za 2007 na 2008, ambazo ziliua zaidi ya watu 1,100 kote nchini, ziliwafukuza majirani kutoka vijiji walivyozaliwa, na reli ikang'olewa. Oktoba 2017, baada ya marudio ya uchaguzi wa urais, Kawangware iliona mapigano na vibanda kuteketezwa. Kumtuma kijana asiyejulikana katika kichochoro kinachokumbuka hayo ni kumweka hatarini. Katika uchaguzi mdogo wa Kibra, Novemba 7, 2019, wanasiasa kadhaa waliotoka nje ya eneobunge walifukuzwa na vijana siku ya kura.

Jibu la wengi ni kumpa kila mtu kabila lake. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hilo ni kosa. Hugeuza ziara kuwa kikao cha ukoo, na jirani wa kabila jingine katika ploti hiyohiyo hurukwa. Jozi mseto, mmoja wao akiwa mkazi wa kijiji hicho, hupita milango yote bila kuchagua.

Uchaguzi huohuo wa 2019 ulionyesha pia ni mlango upi wa kubishwa. Imran Okoth wa ODM alipata takriban kura 24,600 na McDonald Mariga wa Jubilee takriban 11,200, katika eneobunge lenye wapigakura zaidi ya 118,000. Waliojitokeza walikuwa kama theluthi moja. Kazi ya mpiga debe hapo ilikuwa kuwatoa majumbani waliokwisha kukubali, kuliko kubishana na wapinzani.

Kawangware ina shida yake. Jina hilo kwa ndimi za wakazi ni pana kuliko wadi ya Kawangware. Gatina na Kabiro ni wadi nyingine za Dagoretti Kaskazini, na ukivuka kuingia Riruta uko Dagoretti Kusini, kwa mbunge mwingine. Mpiga debe asiyeonyeshwa mstari huo atapoteza siku nzima akiwaomba kura watu wasioweza kumpigia mwaniaji wake. Nyumba nyingi hapa ni ploti: lango moja, ua, vyumba mfululizo. Kwa hivyo mgao huhesabiwa kwa malango, na wa kwanza kuamkuliwa ni mtunza ploti. Eneobunge hilohilo lina Kilimani na Kileleshwa, ambako askari wa getini humzuia mgeni kabla hajafika ngazini. Huko ni bure kutuma jozi. Wasimamizi hutumia simu.

Zimebaki karatasi. Anayebisha hodi huandika majina, na hapo sheria humwangalia. Juni 2021 Wakenya wengi waligundua kwamba wamesajiliwa katika vyama wasivyovijua, malalamiko yakamfikia Kamishna wa Data, afisi iliyotokana na sheria ya 2019. Jozi iandike chumba na jibu: ndiyo, hapana, arudiwe. Nambari ya kitambulisho isiulizwe, na kitambulisho kisichukuliwe hata kwa dakika moja. Noti ikitolewa mlangoni, Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inataja faini isiyozidi Sh2 milioni au kifungo kisichozidi miaka sita.

Orodha hizo huchakaa haraka. Julai 2018 barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata ilipita katikati ya Kibera na kuwaondoa maelfu ya wakazi. Daftari likabaki na majina yao. Uchaguzi mkuu ujao, kwa mujibu wa Katiba, ni Agosti 10, 2027. Msimamizi atakayetumia tena orodha za 2022 atakuta ploti nyingine zimeshakuwa ghorofa, na mtunza ploti ni mwingine.