Mwanamugimu: Jiko Lililozaliwa Wodini

Miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi, ngozi inachubuka kama iliyoungua, na mtoto amenuna, hataki chakula. Katika miaka ya 1930 na 1940 watoto wa namna hiyo walifikishwa kwa wingi Hospitali ya Mulago, Kampala, na wengi wakafia humo humo. Daktari Hugh Trowell, aliyefundisha udaktari Makerere, alihangaika nao kwa miaka, mwanzoni akidhani ni pelagra ya watoto. Mwenzake J.N.P. Davies, mtaalamu wa patholojia, alipochunguza maiti alikuta kongosho limesinyaa. Mwaka 1954 wawili hao, pamoja na Rex Dean, walitoa kitabu kuhusu ugonjwa huo tunaouita unyafuzi.

Tiba iliyotegemewa wodini ilikuwa maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta. Watoto waliokuwa mahututi wakaanza kupona, na Makerere ikajulikana duniani kwa utafiti wa lishe. Hata hivyo, ushindi huo ulikuwa na tundu. Mama aliyeshuhudia mwanawe akinyanyuka kwa maziwa ya hospitali aliamini, wala hana lawama, kwamba maziwa hayo ndiyo dawa. Akirudi kijijini maziwa hana. Anayo migomba, maharage na karanga, na wodini hakuna aliyemwonyesha namna ya kumlishia mtoto vyakula hivyo. Baada ya muda mtoto anarudi na uvimbe ule ule.

Ndipo mwaka 1965, enzi za Profesa Derrick Jelliffe katika idara ya watoto ya Makerere, kilipoanzishwa Mulago kitengo cha lishe cha Mwanamugimu. Huko mama alikaa na mwanawe, akapika mwenyewe kwa vyombo alivyovizoea na kwa mazao ya shambani kwake. Chakula kikuu cha somo kilikuwa kitobero. Maharage yanalowekwa na kumenywa maganda, karanga zinatwangwa, ndizi zinamenywa, kisha vyote vinafungwa pamoja katika jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke mpaka vilainike na kupondeka. Mama alimlisha mtoto kwa mkono wake, akaona uvimbe unashuka na mtoto anaanza kucheza. Kwa maoni yangu, hayo ndiyo mafanikio makubwa kuliko yote ya Makerere katika fani hii, kwa sababu mama aliondoka na ujuzi ambao hakuna mfadhili awezaye kuukatisha.

Miaka ya Idi Amin ilipowaondoa watafiti wengi wa kigeni Kampala, Mwanamugimu ilibaki. Ipo hadi leo, na bado inatibu watoto wenye utapiamlo mkali. Idara za lishe katika vyuo vyetu, Tanzania, Kenya na Uganda, zinatoa wahitimu kila mwaka. Wakuu wa idara hizo, wapelekeni wanafunzi wenu jikoni kwa akina mama kabla hamjawavisha majoho.